Nilivyojifunza kushona viraka vya kerneli nikiwa Kakamega

Kiraka changu cha kwanza kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, kilikuwa cha herufi tatu. Katika faili moja la maelezo mtu alikuwa ameandika "the the", nami nikaifuta "the" moja. Kazi ya nusu dakika. Lakini hadi kipokewe zilipita wiki saba, zikaenda shilingi elfu mbili na ushei za bando, na nikaumbuka mbele ya watu ambao sijawahi kuwaona. Wiki sita kati ya hizo zilikuwa za makosa yangu mwenyewe, na ndizo ninazotaka kukupunguzia.

Nina saiba ndogo mjini Kakamega, si mbali na steji. Kuanzia asubuhi nachapa barua, nawajazia watu ritani za kodi za KRA, nawaombea vijana cheti cha tabia njema kwenye eCitizen. Alasiri mvua huja na radi zake, stima hupotea, wateja hutawanyika, na mimi hubaki na laptopu yenye betri ya saa moja na nusu. Huo ndio muda wangu wa kusoma. Kwenye kibaraza hichohicho senje yangu, dada yake baba, ana cherehani ya kukanyaga. Nilipomweleza kwamba programu kubwa hurekebishwa kwa watu kutumiana vipande vidogo vya mabadiliko, alisema, "Kumbe ni viraka tu." Nikalichukua neno.

"Na wanalipa ngapi?"

"Hawalipi, senje."

Aliniangalia juu ya miwani, akaendelea kukanyaga.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Wengi wanaoandika kerneli siku hizi wameajiriwa na kampuni kubwa. Anayeanza na viraka vya tahajia haoni hata senti. Mimi nilianza kwa udadisi na, niseme ukweli, kwa kutafuta kitu cha kuweka kwenye wasifu wa kuombea kazi. Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi huko Helsinki. Leo kerneli hiyo imo ndani ya kila simu ya Android inayoletwa kwangu kuchajiwa, na mistari yake imepita milioni 30. Nguo kubwa hivyo haikosi mahali palipofumuka.

Jasho la kwanza lilinitoka kwenye kupakua. Nilinunua bando ya usiku, nikatoa amri ya git clone ya kunakili kerneli kwa Git, programu inayotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, nikalala. Nilipoamka ilikuwa imekwama asilimia 61. Sasa, Git ikikatika katikati ya kazi hiyo haiendelei pale ilipoachia. Inaanza mwanzo kabisa. Nilirudia mara tatu, bando tatu, kabla ya kugundua kwamba kernel.org huweka historia yote ndani ya faili moja liitwalo clone.bundle. Hilo unalivuta kwa wget -c: likikatika leo, kesho unaendelea. Likishafika unalifanyia git clone hapo hapo mezani, kisha unaielekeza Git kwenye anwani halisi ivute yaliyoongezeka. Utaambiwa pia kuna njia ya mkato ya --depth 1, isiyoleta historia. Niliijaribu nikaijutia. Kazi ya usafi, nusu yake ni kuchimbua mstari fulani uliandikwa lini, na aliyeuandika alikuwa anatatua nini.

Mashine yangu ni ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kukompaili kerneli nzima, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeka, kwa mpangilio wa kawaida kulikesha usiku mzima na asubuhi bado. Kinachosaidia ni make localmodconfig, inayobakiza draiva (programu za kuendesha vifaa) zile tu ambazo mashine yako inazitumia. Iliniokoa, halafu baadaye ikaniponza, nitafika huko.

Viraka vya kerneli havipelekwi kwa kubonyeza kitufe kwenye tovuti. Hutumwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, kiraka kikiwa ndani ya barua yenyewe, si kiambatisho. Mimi nilifungua barua pepe kwenye kivinjari, nikanakili, nikabandika, nikatuma. Haikupita dakika moja ikanirudia: imekataliwa, ina HTML, yaani msimbo wa mapambo ya kurasa za wavuti. Nikazima mapambo yote, nikatuma tena. Safari hii ilifika, na heri isingefika. Kerneli hujongeza mistari yake kwa herufi ya tab, inayohesabiwa upana wa herufi nane, na kivinjari changu kilikuwa kimegeuza kila tab kuwa nafasi za kawaida. Kwa macho huoni tofauti. Kwa Git, kiraka hicho hakishikani na kitambaa kabisa. Mtu alinijibu mstari mmoja: kiraka kimeharibika, soma mwongozo. Tangu siku hiyo herufi hiyo naiita tabu, kwa maana zake zote mbili.

Dawa yake ni git send-email. Kuiweka kunataka subira kidogo, maana ukiwa na uthibitisho wa hatua mbili huduma ya barua pepe itaikataa nywila yako ya kila siku, na itabidi utengeneze nyingine maalum kwa ajili ya programu hiyo. Ukimaliza, usimtumie mtu. Jitumie mwenyewe. Barua ikifika ihifadhi kama faili, fungua tawi safi, ujaribu kuiingiza kwa git am. Ikikubali kwako itakubali kwao. Mimi hufanya hivyo hadi leo, hata kwa kiraka cha neno moja.

Kuhusu jina nitasema kwa ufupi. Chini ya kila kiraka kuna mstari wa Signed-off-by. Nilidhani ni saini ya heshima. Kumbe ni tamko, lililoanza mwaka 2004, kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo chini ya leseni ya mradi, na hawapokei tamko la mtu asiyejulikana ni nani. Git yangu ilikuwa bado na jina la mtaani nililojibandika nikiwa kidato cha tatu. Sitalitaja hapa.

Basi nikarekebisha tab, nikarekebisha jina, nikatuma "the" yangu kwa mara ya tatu. Kimya. Siku ya tatu nikaituma tena. Siku ya tano tena, nikiwa nimeongeza maneno ya kubembeleza. Kimya kilekile. Usiku naamka kuangalia simu, maana kule wanakoamka sisi tunalala. Nilijiambia wameona jina la Kiafrika wakapita. Naungama hilo kwa sababu najua wengine watalifikiria, na kwa upande wangu halikuwa kweli. Nilikuwa sijajua kalenda yao. Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Likishatoka, kuna wiki mbili ambazo wasimamizi wa kila sehemu humpelekea Torvalds yote waliyokuwa wameyakusanya. Baada ya hapo hutolewa rc1, toleo la kwanza la majaribio, na wiki zinazobaki ni za kurekebisha hitilafu. Mimi nilipiga hodi katikati ya wiki mbili zile. Ni sawa na kumpelekea senje suruali ya kupunguza kiuno wiki ambayo shule zinafunguliwa, wazazi wamejipanga na vitambaa vya sare hadi barabarani. Mwongozo wao wenyewe unasema subiri angalau wiki nzima kabla ya kukumbusha. Nilikuwa nimeuruka ukurasa huo.

Jibu lilipokuja lilikuwa la upole, na lilikuwa na mambo mawili. Kwanza, nilikuwa nimeweka alama ya Fixes, ile inayotaja badiliko la zamani lililoleta kosa, kwa kuwa niliiona kwenye viraka vya wengine ikanipendeza. Alama hiyo huvuta macho ya wanaotunza matoleo ya zamani, na hakuna mwenye shida ya kurudishiwa "the" kwenye toleo la miaka mitatu nyuma. Pili, nilikuwa nimetuma kitu kilekile mara nne bila kusema ni toleo la ngapi wala nini kimebadilika. Toleo la pili huandikwa v2 kwenye kichwa, na mabadiliko yake huelezwa chini ya vistari vitatu, mahali ambapo Git huyatupa kiraka kikishaingizwa. Nikaandika v2. Siku nne baadaye likaja jibu la maneno mawili, kwamba kimewekwa na asante. Niliruka. Senje aliuliza kama nimepata kazi.

Laiti ningetulia hapo. Lakini katika zile wiki za kusubiri nilikuwa tayari nimefanya kosa ninaloliona haya kuliko yote.

Ndani ya kerneli kuna skripti iitwayo checkpatch.pl, inayokagua kama kiraka kinafuata mtindo wa uandishi. Ukitaka, unaweza kuielekeza pia kwenye faili zima lililokwisha kuwamo. Niliielekeza kwenye draiva moja kongwe, ikanitemea maonyo zaidi ya mia. Nikaona hii ndiyo shamba langu. Jioni moja nilituma viraka kumi na kimoja: nafasi hapa, mabano pale, mistari mirefu nimeikata vipande. Somo nililolifuata lilikuwa la zamani, likisema herufi 80 kwa mstari ni mwiko, ilhali tangu 2020 skripti yenyewe hulalamika baada ya herufi 100. Kwa hiyo mistari iliyosomeka vizuri niliifanya isomeke vibaya, kumi na moja kwa mpigo.

Msimamizi wa draiva hiyo hakunitukana. Aliuliza tu maswali. Nani amevijaribu viraka hivi kwenye kifaa chenyewe? Kesho ikipatikana hitilafu ya kweli na ikabidi irekebishwe pia kwenye matoleo ya zamani, nani atakuja kupatanisha mistari ambayo haifanani tena? Na anayetafuta kwa git blame mstari ulitoka wapi, afurahi kulikuta jina langu na sababu "mtindo"? Nilifunga laptopu nikatoka nje. Senje aliniona uso.

"Wamekataa?"

"Wamekataa vyote kumi na kimoja."

"Nguo ilikuwa imechanika?"

"Hapana, senje. Ilikuwa na mikunjo tu."

"Na nani alikutuma ukaipige pasi?"

Kama unataka kujifunza kwa usafi wa aina hiyo, mahali pake ni saraka ya drivers/staging. Humo hukaa draiva ambazo bado hazijafikia kiwango, na kuzisafisha kunakaribishwa. Anayeisimamia ni Greg Kroah-Hartman, naye ana roboti ya kujibu viraka vilivyotumwa ovyo. Hukutajia sababu zinazowezekana, mojawapo ikiwa ile ya kutoeleza nini kilibadilika kati ya toleo na toleo. Usiumie ukijibiwa na roboti. Mimi nilijibiwa mara mbili, na kwa kweli heri roboti, haichoki nawe.

Huko staging ndiko localmodconfig iliponiponza. Niliona faili linaita hedi moja (faili la matamko linaloingizwa ndani ya mengine) ambayo, kwa nilivyosoma, haitumiki. Nikaufuta mstari, nikakompaili, hakuna kosa, nikatuma. Usiku wa manane ikaingia barua kutoka roboti ya majaribio ya kerneli, ile inayokompaili viraka vya watu kwa mipangilio na prosesa za kila aina: kwenye prosesa za ARM kiraka changu kinavunja. Hedi ile ilikuwa inahitajika kule. Kwenye mashine yangu ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia hedi nyingine. Kibaya zaidi, nilipochunguza niligundua kwamba localmodconfig ilikuwa imeiondoa draiva yenyewe. Yaani kukompaili kwangu hakukuwa kumeligusa lile faili hata kidogo! "Hakuna kosa" yangu ilikuwa ya kweli kama mtu anayesema hajaona mwizi kwa sababu alikuwa Mumias.

Siku hizi nikigusa faili, naomba likompailiwe kwa jina lake, make na njia ya faili na .o mwishoni, nami nalitazama jina hilo likipita kwenye skrini. Kisha naweka kompaila ya prosesa za ARM (arm64) kutoka kwenye hazina ya Ubuntu na kurudia. Ni dakika tano za ziada.

Nilihamia nyaraka nikidhani kule hakuna kinachovunjika. Nyaraka za kerneli huandikwa kwa mtindo wa reStructuredText na kugeuzwa kurasa na programu ya Sphinx, kwa amri ya make htmldocs. Niliona kichwa cha habari kimekosa herufi moja, nikaiongeza. Chini ya kichwa huwa kuna mstari wa alama za = unaokipigia mstari, na mstari huo hautakiwi kuwa mfupi kuliko kichwa. Herufi yangu moja ilikirefusha kichwa, Sphinx ikalalamika. Kurekebisha tahajia nikazua onyo jipya! Ilibidi kiraka cha herufi moja kiwe cha herufi mbili: moja juu, na = moja chini yake. Niliona pia kwamba kuna saraka ya tafsiri, yenye Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili sikukiona. Hilo ni la siku nyingine, na si la mtu mmoja.

Kwa anayeanza, mahali ninapopapendekeza kuliko "the the" ni maelezo ya fanksheni, yaani vipande vya msimbo vyenye kazi maalum. Juu ya fanksheni nyingi kuna maelezo yanayotaja kila parameta, yaani thamani ambayo fanksheni hupewa. Mtu akibadilisha jina la parameta na kusahau maelezo, ukikompaili kwa W=1, inayoongeza maonyo, unaonywa kwamba parameta fulani haijaelezwa. Uzuri wake ni kwamba onyo ni la kweli, na ili ulitibu lazima usome fanksheni uelewe parameta hiyo inafanya nini. Unatoka umejifunza kitu, na msimamizi anaona umesoma.

Au unajifanya umesoma, kama nilivyofanya mimi kwenye kiraka cha mwisho ninachotaka kusimulia.

Waraka wa draiva moja ulisema thamani fulani ya kusubiri inayoandikwa na mtumiaji ni ya milisekunde. Nikafungua msimbo, nikaona thamani hiyo ikipewa usleep_range, ambayo hupokea mikrosekunde. Nikashangilia: hili si suala la tahajia, hapa waraka unadanganya watu. Nikabadilisha neno moja, milisekunde ikawa mikrosekunde, na katika maelezo nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba waraka ulikuwa na makosa. Msimamizi alijibu kwa swali moja: umeifuata thamani hiyo tangu inapoingia hadi inapotumika?

Sikuwa nimeifuata. Nilikuwa nimeona mwisho wa njia tu. Nilichapa lile faili kwa printa ya saiba, kurasa kumi na mbili, nikakaa kibarazani na kalamu nyekundu. Ukurasa wa nne, katika fanksheni inayopokea anachoandika mtumiaji, kulikuwa na mstari mfupi: thamani inazidishwa kwa 1000. Mtumiaji anaandika milisekunde, draiva inazigeuza kuwa mikrosekunde kabla hazijafika kokote. Waraka ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kiraka changu ndicho kingeudanganya ulimwengu, na mtu aliyetaka kusubiri milisekunde 20 angeandika 20000 akijua amefuata maelekezo.

Nilijibu nikakiri, nikaomba kiraka kisichukuliwe. Hilo nalo ni la kujifunza: jibu chini ya maneno yao, si juu yake, fupi, bila kujitetea. Nilidhani nimejifungia mlango. Lakini kwa kuwa kurasa zilikuwa bado mapajani, nikaendelea kusoma, na ukurasa wa tisa nikaona thamani ya kuanzia ni 50. Waraka ulisema 20. Safari hii sikukimbia. Nilitafuta kwa git log -S badiliko lililoweka 50, nikalisoma lote: miaka kadhaa nyuma mtu aliipandisha kwa sababu baadhi ya vifaa vilikuwa vinachelewa kuamka, na hakuugusa waraka. Nikafuatilia kama kuna mahali pengine panapoibadilisha tena. Hapakuwa. Nikaandika maelezo, nikataja badiliko lile kwa herufi kumi na mbili za mwanzo za namba yake na kichwa chake, kama wanavyotaka. Toleo la kwanza nikaambiwa sababu ya 50 niiweke pia ndani ya waraka. La pili nikasahau kwamba sasa mstari umekuwa mrefu na jedwali limepinda. La tatu lilipita.

Ndani ya waraka kilichobadilika ni tarakimu moja na sentensi moja fupi. Maelezo ya kiraka, yale ya kueleza nimejuaje, ni mistari kumi na minne.